Kwa nini nyama inavua koti mu mafuta

Wengi wenu mnatujua sisi wa Kibumba kwa shu, karoti, puaro na viazi vyenye vinashuka Goma kila asubuhi. Leo sitaandika juu ya mbegu wala mbolea. Nataka tuongee juu ya nyama ya kukaanga, ile ya kuvalisha koti ya farini na mayai, na shida moja yenye inasumbua karibu kila mtu anayejaribu: unaingiza kipande mu mafuta kimevaa vizuri, unakitoa kiko uchi, na koti imebakia inaogelea peke yake mu kikaango.

Hiyo shida ilitukuta ku barabara. Tulikuwa watatu, wote na lisansi, wote bila kazi. Tulitoa mtaji ku likelemba, tukanunua babula mbili, kikaango kubwa na bidoni ya mafuta ya lita tano, tukasimama kando ya barabara ya Goma–Rutshuru siku ya soko. Tulikuwa tumeona video ku telefone: kuku mwenye koti ya rangi ya dhahabu, yenye inalia kra! ukiuma. Kufika saa sita ya mchana mafuta yetu ilikuwa nyeusi kama kahawa, imejaa makombo ya farini yenye kuungua. Dereva mmoja wa lori alichukua kipande, akakigeuza, akasema: "Bana, nyama yenu imevua koti, na huku ni baridi hivi?" Watu walicheka. Sisi pia tulicheka, juu kulia haingerudisha mafuta.

Mama mmoja anayeuza mandazi pembeni yetu hakucheka. Alikuja, akagusa nyama yenye ilikuwa inangoja mu beseni, akatuonyesha vidole vyake vyenye kuloa. "Bana bangu, mulisoma agronomi miaka yote ile, na hamuone kama hii nyama inalia maji? Mukaushe kwanza."

Alikuwa na haki, na tulikuwa na haya, juu kila kitu chenye alisema tulishakisoma ku fakilte: maji, mvuke, wanga, protini. Tuliyaacha mu kaye. Basi hii makala ni kaye ileile, nimeifungua mbele ya babula.

Neno moja juu ya sababu ya kuandika. Mwisho wa 2022 vita vilipofika huku, watu wengi wa Kibumba walikimbia, wakalala mu mahema kule Kanyaruchinya. Mwenye kurudi anaanza tena na kidogo. Kwa mtu kama huyo bidoni ya mafuta si kitu cha kuchezea. Kila koti yenye inaanguka mu kikaango ni farini imepotea, yai limepotea, na mafuta inaharibika mbele ya wakati. Bizinesi ndogo inaweza kufa juu ya kitu hicho tu.

Adui ni maji

Watu wengi wanafikiri koti haishiki juu rojo ni mbaya. Wanaongeza mayai, wanaongeza farini, wanabadilisha alama ya mafuta. Lakini mara nyingi rojo haina kosa. Kosa liko chini yake, pale rojo inakutana na nyama.

Nyama mbichi isiyo na mafuta mengi ni maji karibu 75 ku 100. Ukiikata, maji inatoka juu. Ukiiosha, unaongeza ingine. Ukiiweka mu ndimu, chumvi na vitunguu saumu, inatoa zaidi. Halafu unachovya kipande kile ndani ya rojo. Kwa macho rojo imeshika. Kwa kweli imelala juu ya filamu nyembamba ya maji, kama vile mtu anayesimama ku sakafu yenye sabuni.

Sasa ingiza mu mafuta yenye nyuzi 170. Ile filamu inageuka mvuke mara moja, na maji ikigeuka mvuke inachukua nafasi karibu mara 1 600 kuliko mwanzo. Mvuke huo unatafuta njia ya kutoka. Kama rojo imeshikana na nyama, mvuke unapita mu matundu madogo ya koti, njo mapovu tunayoona. Kama kati ya nyama na koti kuna maji tu, mvuke unainua koti kama mfuniko wa kasiroli. Koti inavimba, inapasuka, inaachana. Ukigeuza kipande na kijiko, imekwisha.

Kuna adui wa pili, ndugu wa yule wa kwanza. Nyama ikipata moto inajikunja. Nyuzi zake na ile mishipa migumu zinavutana, hasa kuanzia nyuzi 60 na kitu, na zinakamua maji ndani kama vile unakamua nguo. Koti kwa upande wake imeshakauka na kuwa ngumu, haiwezi kujikunja pamoja na nyama. Moja inapunguka, ingine inabakia kubwa. Nafasi inazaliwa kati yao, na maji yenye imekamuliwa inaingia palepale.

Kwa hiyo kazi yetu ni mbili: kupunguza maji ku uso wa nyama, na kuweka kitu kati chenye kinashika pande zote mbili.

Fikiria viazi karai vya Mombasa, vile wanavyochemsha, wanatia mu rojo ya farini yenye manjano na kukaanga. Rojo inashika kwa urahisi. Kwa nini? Kiazi chenye kuchemshwa na kuacha kipoe kina uso wa unga-unga, mkavu, wenye kukwaruza, na hakijikunji sana mu mafuta. Nyama ni kinyume: iko laini, inateleza, iko na maji, na inajikunja. Njo maana mtu anaweza kujua vizuri kukaanga viazi na ashindwe na kuku.

Kukausha

Tuanze na kuosha. Kwetu nyama isiyooshwa inaonekana kama uchafu, najua. Lakini tuongee ukweli. Huku Nyiragongo udongo wa volkano unameza mvua yote, hatuna mito, maji tunaikinga ku mabati ama tunainunua. Kuosha nyama kunakula maji hiyo, na hakuui vijidudu. Kwa kuku ni mbaya zaidi, juu matone yanaruka na kupeleka vijidudu ku meza, ku mikono na ku sombe ya pembeni. Chenye kinaua vijidudu ni moto. Kama kuna vumbi ama vipande vya mfupa, futa na kitambaa safi chenye maji kidogo. Kama lazima uoshe, osha kipande kizima mbele ya kukata, acha kichuruzike.

Halafu kausha. Tandika nyama ku kitambaa safi cha pamba, funika na kingine, kandamiza na mikono. Geuza, rudilia. Kitambaa hicho kifuliwe na maji ya moto na sabuni siku ileile, kisifanye kazi ingine. Kama una wakati, acha vipande wazi ku kitunga chenye kufunikwa na chandarua ya nzi, nusu saa hivi, mahali pa baridi. Upepo wa Kibumba unafanya hiyo kazi bure.

Chumvi ina tabia yake. Ukitia chumvi na ungoje dakika tano ama kumi, utakuta nyama inaogelea, juu chumvi inavuta maji nje. Hiyo njo saa mbaya kabisa ya kuanza kukaanga, na njo saa yenye sisi tulianzia. Ukingoja karibu saa moja, sehemu ya maji ile inarudi ndani pamoja na chumvi, nyama inakolea, na protini za juu zinayeyuka kidogo mpaka uso unanata ku kidole. Ule unato ni rafiki yetu. Kwa hiyo chagua: tia chumvi saa moja mbele na ufute yenye imebaki, ama uitie dakika ya mwisho. Usisimame katikati.

Kama unaloweka nyama mu viungo, usitie mafuta ndani. Mafuta inafunika nyama na farini haipati pa kushika. Mashanza inafaa: uchachu wake unalainisha kidogo, na protini za maziwa zinasaidia kugandisha. Ila ukitoa nyama, kung'uta, futa, ondoa vipande vya kitunguu vyenye vimekwama. Kila kipande cha kitunguu ni mfuko mdogo wa maji chini ya koti.

Vumbi la kati

Hapa njo siri yenyewe, kama iko siri. Kati ya nyama na rojo weka vumbi kavu.

Chukua farini kavu, ama wanga ya viazi, ama unga laini wa mahindi, uchanganye na chumvi kidogo na pilipili. Pitisha kipande ndani, pande zote, kandamiza na mkono, halafu kung'uta mpaka ibaki filamu nyembamba tu. Weka ku sahani, ngoja dakika tano. Utaona weupe unaanza kupotea, inakuwa kama imeloa kidogo. Ni sawa: vumbi limekunywa maji yenye ilikuwa inabakia ku nyama na limegeuka gundi.

Mu moto, chembe za wanga zinavimba na kugeuka uji kati ya nyuzi 60 na 70 hivi, kufuatana na aina ya wanga. Katika joto hilohilo protini za nyama na za yai zinaganda. Kwa hiyo vumbi linashikana na nyama upande wa chini na na rojo upande wa juu, vyote kwa wakati mmoja, mbele ya nyama kuanza kukamua maji nyingi. Hiyo filamu nyembamba ni sima kati ya matofali. Bila sima unaweza kupanga matofali, yatasimama, lakini usiegemee ukuta.

Ukitia vumbi jingi, unaharibu tena. Tabaka la farini lenye halijaloa linabakia kavu ndani, na koti itaachana palepale kama karatasi mbili zenye kutenganishwa na mchanga. Kung'uta si mapambo, ni sehemu ya kazi.

Wenye kupenda koti ya mkate wanafuata mpango uleule: vumbi la farini, halafu yai lenye kupigwa, halafu mkate wa jana wenye kukaushwa na kusagwa. Vumbi bado linakuja kwanza.

Rojo

Kwa kilo moja ya nyama isiyo na mifupa mingi, mimi nachukua farini glasi 2, wanga ya viazi vijiko 3 vya meza, yai 1, chumvi kidogo, na maji baridi ama maziwa karibu glasi 1 na robo. Maji naitia kidogo kidogo, juu farini hazikunywi sawa.

Namna ya kupima: chovya kijiko, kitoe, pitisha kidole ku mgongo wake. Kama njia ya kidole inabakia wazi, rojo iko tayari. Kama inajifunga haraka, ni nyepesi, itachuruzika na kuacha nyama. Kama rojo iko mabonge kama ugali, itavaa nzito, nje itaungua na ndani itabakia mbichi yenye kuteleza. Koti nzito kama hiyo inaanguka kwa uzito wake.

Usikoroge sana. Farini ya ngano ina protini zenye zikipata maji na kukorogwa zinajisuka na kuwa kama lastiki. Kwa mkate tunataka hivyo. Kwa koti hatutaki, juu lastiki ikipata moto inajivuta na kuachia nyama. Koroga mpaka farini kavu isionekane tena, acha hata kama kuna vibonge vidogo. Wanga ya viazi tunaitia juu yenyewe haina lastiki hiyo, na inatoa koti yenye kuvunjika vizuri. Wengine wanatia Primus kidogo pahali pa maji. Gesi yake inaacha matundu madogo na koti inakuwa nyepesi. Inafanya kazi, lakini koti haitashika zaidi juu ya hiyo.

Chovya kipande, kiinue, acha ya ziada ichuruzike ukihesabu mpaka kumi, ingiza mu mafuta. Usivalishe vipande vyote na kuvipanga ku sahani vikingoja. Vikingoja vinaloa tena.

Mafuta, makala na mlima

Mafuta ikiwa baridi, rojo inabakia nyepesi kwa muda mrefu, inachuruzika mu kikaango na inakunywa mafuta. Ikiwa na moto kupita, nje inakuwa ngumu na nyeusi mbele ya ndani kushikana. Tunatafuta kati ya nyuzi 160 na 175. Hatuna kipimo ku babula, lakini tuna kijiti: ingiza mti mkavu wa mwiko mpaka uguse chini. Mapovu madogo yakizunguka mti bila kukatika, mafuta iko tayari. Yasipokuja, ngoja. Yakiruka kwa hasira ama mafuta ikianza kutoa moshi, ondoa makala kidogo.

Hapa kuna jambo lenye video za telefone hazitakuambia, juu nyingi zimepigwa ku miji ya chini. Maji inachemka ku nyuzi 100 pale ku bahari. Ukipanda karibu mita 300, inapunguka karibu nyuzi moja. Goma iko karibu mita 1 500, kwa hiyo maji inachemka karibu nyuzi 95. Kibumba iko juu zaidi, kwa hiyo chini ya hapo. Maana yake ku kikaango: maji ya nyama inageuka mvuke mapema zaidi, na ndani ya nyama inaiva polepole juu mvuke unaondoka na joto lake mapema. Ukitumia moto wa Mombasa huku mlimani, nje itakuwa ya dhahabu na ndani bado damu. Dawa ni ndogo: punguza moto kidogo, ongeza dakika, na kata vipande visivyo vinene.

Usijaze kikaango. Kila kipande baridi kinashusha joto la mafuta, na huku asubuhi nyama yenyewe iko baridi kama jiwe. Vipande vitano mu kikaango kubwa vinashinda kumi. Kama mnatumia mafuta ya ngazi yenye inaganda mu bidoni asubuhi, iyeyushe yote na ipate moto sawasawa mbele ya kuanza.

Halafu jambo gumu kuliko yote: usiguse. Dakika mbili za kwanza koti bado ni uji. Ukiisukuma na kijiko, ukiigeuza kuona kama imekuwa nyekundu, unaivua wewe mwenyewe. Sisi tulikuwa watatu na kila mmoja na kijiko chake, basi mnaelewa. Ngoja mpaka ikauke na kujiachia yenyewe chini, halafu geuza mara moja. Rangi ile ya dhahabu na harufu yake zinatoka ku sukari na protini zenye zinakutana ku joto kubwa, jambo lenye mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza mwaka 1912. Lakini haianzi vizuri mpaka uso ukauke. Hata hapo tunarudi ku neno la mama wa mandazi.

Ukitoa, weka ku kitunga ama ku wavu, si ku beseni yenye mfuniko. Nyama bado inatoa mvuke. Ukiifunika, mvuke unageuka maji ku mfuniko, unarudi juu ya koti, na kazi yote inalainika. Kata kipande kimoja kikubwa cha kwanza kuona ndani: kwa kuku, maji yake iwe safi, isiwe na wekundu.

Kuku wa kijiji

Mutaniambia: hayo yote ni ya kuku wa frigo, sisi tunakula kuku wa kijiji, mwenye mguu mgumu kama waya. Ni kweli. Na mbuzi na ng'ombe wa hapa hawaivi kwa dakika kumi za mafuta. Inabidi kuchemsha kwanza.

Wengi wanaona hiyo ni hasara. Kwa koti ni faida, kama unajua kuitumia. Nyama yenye kuchemshwa imeshajikunja. Yule adui wa pili ameshamaliza kazi yake mu kasiroli, hatakuja tena kuvuta koti mu kikaango. Kinabakia adui wa kwanza tu: maji. Na hapa watu wengi wanakosea, juu wanatoa nyama mu supu ikiwa moto, inachuruzika, wanaitupa moja kwa moja mu rojo.

Chemsha na chumvi na viungo mpaka ilainike lakini isiachane na mfupa. Itoe mu supu. Acha ipoe kabisa ku kitunga. Ikiwa moto inajikausha yenyewe kwa mvuke wake, na ikipoa ule mchuzi wenye kunata, unaotoka ku mifupa na mishipa, unabakia juu kama gundi. Futa mafuta yenye imeganda. Vumbi, ngoja, rojo, mafuta. Kwa nyama hii dakika nne ama tano zinatosha, juu ndani imeshaiva. Tunatafuta koti tu. Ukaangaji mfupi, makala kidogo, mafuta inadumu. Na supu inabakia, mu baridi ya huku inauzwa mbele ya nyama.

Tangu tubadilishe hivyo, mafuta yetu haijakuwa nyeusi tena saa sita. Makombo yenye kuungua na maji yenye inaingia mu mafuta njo vinaiharibu haraka: inaanza kutoa moshi mapema, inapata uchungu, inatoa povu. Koti ikishika, makombo hayapo. Tunachuja na kitambaa jioni, na tukiona povu lisiloisha ama harufu ya uchungu tunamwaga, hata kama moyo unauma.

Wanga ya viazi vyetu

Nimalizie kama mgoronome, mnisamehe. Ngano karibu yote yenye nchi yetu inakula inatoka nje. Bei ya dola ikipanda, ama barabara ikifungwa, farini inapanda siku ileile. Lakini viazi tunavyo. Kila mavuno, vile vidogo kama gololi na vile vyenye jembe limekata vinabakia shambani ama vinapewa nguruwe. Ndani yake kuna wanga.

Wajapani wana kuku wao wa kukaanga, karaage, na wanga ya viazi ni moja ya vumbi wanazotumia kumvalisha. Hawatii rojo kabisa: wanakausha, wanapitisha mu wanga, wanakaanga. Kwa mtu asiye na mayai wala farini siku hiyo, njia hiyo inatosha.

Kuitoa hakuhitaji mashini. Osha viazi, ondoa vyenye kijani, juu vina sumu. Vikwangue ku rape mpaka viwe uji. Changanya na maji, mimina mu kitambaa, kamua. Acha maji ile itulie mu ndoo karibu saa moja: utaona tope jeupe na gumu limeshuka chini. Mwaga maji polepole, tia ingine safi kidogo, koroga, acha itulie tena, mwaga. Tope lile litandaze ku sahani juani mpaka likauke, lisage, chuja. Njo wanga. Makapi yenye kubaki ku kitambaa yapikwe, yapewe nguruwe, na maji ya kwanza ioshe viazi vya duru inayofuata, juu huku hatumwagi maji kwa furaha.

Musitegemee miujiza. Kiazi ni maji karibu 80 ku 100, wanga ni karibu 15, na kwa mikono hautapata yote. Lakini kwa vumbi tunahitaji vijiko tu, si magunia. Na wanga ikikauka vizuri na kufungwa mu chupa kavu inakaa miezi.

Wandugu, sisi watatu tungali ku barabara. Si kazi yenye tuliandika ku barua za maombi, na kuna siku mwenzetu wa promosio anapita mu gari na tunainamisha kichwa kuelekea babula kama vile makala inahitaji kupulizwa. Lakini inalipa likelemba. Dereva yule wa lori anasimama kila wiki. Mara ya mwisho aliuma kipande, kikalia kra!, akatafuna mpaka mwisho bila kusema kitu, halafu akaomba vingine vitatu vya kupeleka Rutshuru.

Mama wa mandazi tunamlipa supu. Mtu akituuliza siri, tunamtuma kwake, naye anamwambia maneno yaleyale mawili: mukaushe kwanza.